Fundi wa Gari Moja

Fundi Zahoro wa Msambweni alikuwa na rai moja kuhusu magari, na aliirudia mpaka watu wakachoka nayo: gari likishatoka kiwandani zuri, liachwe. Lisiguswe. Litengenezwe vilevile miaka ishirini, ndipo wenyewe wakae chini wafikirie kulibadilisha, na hata hapo wabadilishe taa na viti, matumboni wasitie mkono. Watu walimcheka. Walidhani ni ukaidi wa mzee anayechukia kila kipya, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na akili ya kumuuliza kwa nini. Mtu hang'ang'anii neno moja miaka saba bila sababu.

Sababu alikuwa nayo, na aliyeijua ni mkewe Hadiya peke yake. Fundi Zahoro alikuwa haoni.

Haikumjia siku moja. Ilianza pembeni mwa macho, akawa anawagonga watu begani sokoni na kuwaomba radhi. Halafu dunia ikamnywea ikawa tundu, naye akitazama mtu usoni haoni mikono yake. Alikaa na hali hiyo miaka mitatu akisema ni uchovu. Alipokubali kupelekwa Mombasa, daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda hakirudi; angekuja mapema angetiliwa matone na kubakishiwa kidogo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kuna watu wanaosikia methali maisha yao yote wakidhani imetungiwa jirani. Tundu nalo likaziba. Akabaki anajua mchana na usiku, na mtu akisimama mlangoni anaona kiza kimeongezeka, basi.

Sasa utauliza, mtu huyo alitengenezaje magari? Alitengeneza gari moja. Watu wa pwani ya kusini walilipa jina la Punda, kwa sababu lilibeba lolote na halikulalamika. Lilianza kuletwa mwaka wa 1983, mwaka uleule Zahoro alipoingia gereji ya Makupa kujifunza kazi, na kiwanda hakikuligusa mpaka 2004. Miaka ishirini na moja! Walibadilisha kitambaa cha viti mara mbili na umbo la taa mara moja. Pikapu lilikuwa Punda, la kubebea abiria lilikuwa Punda, na ukilala chini yake ulikuta mambo ni yaleyale. Punda mmoja akifa Gazi, viungo vyake vilihamia kwa mwingine Shimoni bila kupigwa tupa. Zahoro alilifungua na kulifunga gari hilo mara zisizo idadi, hata macho yalipokwenda, mikono ilikuwa imeshahifadhi, kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu. Nati fulani ni vidole vinne kutoka kwenye chuma cha katikati. Waya fulani uko nyuma ya bomba la pili. Hakuhitaji kuona, alihitaji tu wasihamishe vitu.

Na watu walimsifu, masikini. Spana zake kila moja ilikuwa na msumari wake ukutani, na ole wake aliyeirudisha pasipo pake. Alipokuwa akifanya kazi uso aliugeuza pembeni, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, nao wakanong'onezana kwamba fundi wa kweli haangalii. Aliyasikia hayo akanyamaza. Salamu aliitikia kwa sauti, na mtu akishasema shikamoo alikwisha kumjua yeye na ukoo wake. Asubuhi Hadiya alimsindikiza mpaka gereji kwa kisingizio cha kumbebea chai, na simu na malipo vilikuwa mikononi mwa Hadiya, watu wakasema yule mwanamke ana bahati, mumewe amemwachia kila kitu.

Kwa nini hakusema? Hadiya alimuuliza hilo mara nyingi kuliko alivyomuuliza atakula nini. Naye jawabu lake lilikuwa moja: siku atakayosema, hakuna mtu atakayemletea gari. Watamletea sadaka. Atakuwa mzee kipofu wa kushikwa mkono Ijumaa hadi Ijumaa, na jina la Fundi litavuliwa likapewe mwingine. Alitaka afe akiitwa Fundi. Hakuwa na haja nyingine duniani, na ukipenda kumlaumu mlaumu, mie mwenyewe nimemlaumu sana.

Lakini magari hayamngojei mtu. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka minane, na watu hununua lililokaribia umri huo kwa kuwa ndilo rahisi, kwa hiyo kinachobadilishwa ng'ambo leo hufika Msambweni baada ya miaka saba au minane, kikiwa kimeshasahauliwa kule kwenyewe. Zahoro alilijua hilo na alihesabu. Walilibadilisha Punda 2004, wakalibadilisha tena baada ya miaka saba, wakalibadilisha tena baada ya mitano. Kila badiliko alilisikia redioni au barazani, na kila mara alijua lini litampandia mlangoni. Alipopofuka moja kwa moja, Punda wa zamani walikuwa wakija gerejini wanne kwa wiki. Mwaka jana alikuja mmoja kwa mwezi. Hayo mapya aliyafukuza kwa maneno makali, akisema hana haja ya kutengeneza plastiki, yapelekwe Ukunda kwa Amin.

Amin huyo alikuwa fundi kijana wa miaka thelathini na tatu, mwenye kompyuta ya kuchomeka kwenye gari, na alikuwa na adabu zake. Siku moja alikuja Msambweni kutafuta kiungo, akamkuta Zahoro katika mjadala uleule barazani kwa muuza kahawa. Alimwamkia mzee vizuri, kisha akasema kwa upole kwamba kwa maoni yake gari lisipite miaka mitano au sita bila kubadilishwa. Alisema Punda hakuwa na mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, na mkanda wa nyuma hakuwa nao, na watu wamekufa katika Punda ambao wangekuwa hai katika hili jipya. Kukaa miaka ishirini na moja bila kubadilisha, akasema, ule haukuwa uaminifu wa kiwanda, ulikuwa uvivu.

Zahoro akamjibu kwamba miaka ishirini ni umri wa mtu kujifunza kazi, akaimudu, akamfunza mwenzake. Ukibadilisha kila mitano, hakuna anayelijua gari, kila mtu anabahatisha. Amin akasema ndiyo maana kuna kompyuta. Wakacheka wote, na Zahoro akacheka nao ili asionekane ameumia. Wakati wa kuondoka Amin alimvuta kando akamwambia waungane: yeye atasoma kompyuta, mzee atasikiliza injini, kwani hakuna sikio kama lake pwani nzima. Hilo neno la sikio lilimtia Zahoro hofu. Alidhani kijana amegundua. Akamjibu kwa ukali usiokuwa na sababu, na Amin akaenda zake. Mkono ule ulionyooshwa ulikuwa wa kuokoa, naye akaupiga teke.

Ndipo akaja Hashim. Hashim alikuwa jirani yake na rafiki yake wa miaka, anayepeleka barafu Vanga na kurudi na samaki wa hoteli za Diani. Ile njia ya Vanga na maji ya chumvi vilimla Punda wake mpaka sakafu ikadondoka, samaki wakamwagika barabarani pale Ramisi. Akanunua jingine. Alilileta gerejini likiwa bado lina harufu ya meli, akamshika Zahoro mkono akauweka nyuma, kwenye herufi za chuma. Jina lilikuwa lilelile, na mwandiko wake uleule. Akamwambia oili ya kwanza lazima aibadilishe yeye, kwani gari lake lolote halijapata kuguswa na mkono wa mwingine kabla ya wa Fundi. Alikuja hata na ubani.

Zahoro angeweza kusema alivyowaambia wengine. Lakini huyu alikuwa Hashim, na Hashim akienda kwa Amin wote watakwenda, na watu watauliza. Tena ni oili tu! Kazi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Akatandika gunia, akajilaza, akapeleka mkono mahali ulipozoea kwenda. Vidole vinne kutoka kwenye chuma cha katikati akaikuta nati, ukubwa uleule, spana ileile. Wallahi alikaribia kulia kwa furaha. Alijiambia kwamba kumbe hawakubadilisha kila kitu, kumbe chini bado ni Punda.

Oili ikamwagika. Ilimpitia vidoleni, na vidole vikamwambia si hii. Oili ya injini ikichoka huwa nzito na hunuka kuungua. Hii ilikuwa nyepesi, inateleza, ina harufu nyingine. Hashim alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, anakunywa kahawa na kusimulia habari za bei ya barafu. Swali lilikuwa moja tu: oili hii ina rangi gani? Mtoto angelijibu. Zahoro alilala pale chini na swali limemfika kooni, na akajua kwamba fundi hawezi kumuuliza mwenye gari rangi ya oili iliyo mbele ya macho yake mwenyewe. Akalimeza. Akajiambia ni oili ya kisasa, wameilainisha. Akafunga nati, akainuka, akamimina oili mpya juu kwenye injini mpaka ya mwisho. Alipochomoa kijiti cha kupimia, kidole kilimwambia imepanda mno. Akasema moyoni kwamba labda kijiti chao ni kifupi.

Mazoea yana taabu, jamani. Alichokifungua kilikuwa cha giaboksi. Katika gari jipya walikuwa wamesogeza nati ya injini mbele, na mahali pake pa zamani wakaweka ya giaboksi. Basi giaboksi akaiacha kavu, na injini akaijaza mara mbili.

Hilo lilikuwa Jumatatu jioni, na Jumanne gari lilipumzika kwa sababu barafu haikuwako. Jumatano alfajiri simu ililia, Hadiya akapokea. Twaiba, dada yake Zahoro, mkubwa wake, aliyemlea mama yao alipokufa, amefariki Vanga. Maziko ni baada ya adhuhuri. Zahoro alikaa kitandani akalia bila kujificha, kisha akasema lazima amtie dadake mkono kaburini, kwa sababu aliyewahi kumshika mkono yeye alikuwa huyo. Hashim alikuja kabla hawajamwita. Alisema barafu itasubiri, na wakatoka saa nne wao watatu, Zahoro mbele na Hadiya nyuma.

Walipopita Ramisi, Zahoro alikuwa ameshaisikia. Sauti nyembamba, kama mbu aliyeingia chandarua, chini ya miguu yake. Akajua, na hakusema. Alijiambia labda itafika. Vanga si mbali. Mwenyezi Mungu hatamnyima kumzika dadake kwa ajili ya nati moja. Waliipinda njia ya Vanga pale Lungalunga, na sauti ikawa mluzi, mluzi ukawa msaga wa chuma kwa chuma, na moshi ukaingia ndani. Gari likaruka mara mbili likasimama katikati ya mahali pasipo nyumba. Ilikuwa saa tano na nusu.

Hashim alifungua boneti. Oili ilikuwa imetapakaa kila mahali. Akapiga simu Vanga, akaambiwa itatafutwa bodaboda ije kuwachukua, ila wote wako makaburini wanachimba, wasubiri. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia, akamwita Zahoro, akakiinua mbele ya uso wake akamwambia asome, kwa sababu yeye haelewi anachokiona.

Zahoro akanyoosha mkono kukipokea. Mkono ulipita shibiri nzima kando ya kijiti, ukashika hewa.

Hadiya alivuta pumzi aseme, na mumewe akamsikia, akamzuia kwa kiganja. Hashim alikisogeza kijiti taratibu kuelekea kushoto, kisha kulia, akitazama macho ya rafiki yake, na macho hayakukifuata. Upepo ulikuwa umetulia. Hashim akakishusha kijiti, akalala chini ya gari na shati lake la mazishi, akakaa huko kitambo. Alipotoka alisema nati iliyofunguliwa ni ya giaboksi, ina alama mpya za spana. Halafu akauliza.

"Oili iliyotoka ilikuwa na rangi gani?"

"Sijui," akasema Zahoro.

"Hujui vipi, Fundi? Umeimwaga wewe."

"Sioni, Hashim. Huu mwaka wa saba sioni."

Likawa limetoka. Miaka saba alikuwa ameiogopa sentensi hiyo, na ilipotoka ilikuwa fupi kuliko jina lake. Hadiya alikuwa analia. Zahoro alingoja hasira, na hasira angeivumilia. Angelipa gari, angeuza gereji, angefanya lolote. Hashim hakukasirika. Zahoro, ambaye masikio yake hayakuwa na mfano, alisikia rafiki yake akianza kufikiri. Alisikia pumzi inavyobadilika.

"Zahoro," akasema Hashim, naye hakuwa amemwita hivyo tangu walipokuwa vijana. "Breki za gari la Mramba, wiki iliyopita. Nani alizifunga?"

Mramba alikuwa na Punda wa abiria, wa mwisho mwisho Msambweni, na alilitumia kuwapeleka na kuwarudisha watoto wa chekechea. Mjukuu wa Hashim, Dama, alikuwa miongoni mwao. Kila mchana saa sita gari hilo liliteremka na watoto kumi na wanne kutoka kilimani.

"Nilizifunga mimi."

"Na nani?"

"Peke yangu. Hashim, nisikilize. Lile ni Punda. Lile naliona."

Na alikuwa anasema kweli. Katika maisha yake yote hakuwahi kufunga breki vizuri kama zile. Alizifungua mara mbili kwa sababu alijua zinabeba watoto, akapitisha kidole kila mahali, akamrudisha Mramba barabarani mara tatu kuzijaribu na kusikiliza. Alitaka kuyasema hayo. Alitaka aeleze kwamba gari jipya ndilo lililomtia upofu, kwamba juzi kabla ya hili alikuwa bado fundi. Lakini alisikia simu ikibonyezwa.

Hashim aliiweka kwa sauti ya juu, pengine kwa haki, ili asikie. Mramba alijibu huku injini inanguruma na watoto wanaimba nyuma yake. Hashim akamuuliza yuko wapi. Ndiyo kwanza anatoka shuleni, hajafika mteremko. Akamwambia asimame. Mramba akauliza kuna nini. Hashim akamwambia asimame kwanza, na wote watatu wakasikia gari likisimama: halikulia, halikuyumba, lilitulia pale pale lilipoambiwa.

"Washushe watoto," akasema Hashim. "Warudi nyumbani kwa miguu. Hilo gari usishuke nalo mteremko."

"Lina nini? Breki mpya hizi, mzee. Umesikia mwenyewe zilivyoshika. Alizifunga Fundi Zahoro."

Hashim alimtazama Zahoro, kisha akampa mgongo, jambo ambalo Zahoro hakuliona.

"Ndiyo maana nakwambia," akasema. "Washushe."

Mlango ukasikika ukivutwa. Watoto waliacha kuimba, wakaanza kushuka mmoja mmoja, Mramba akiwahesabu kwa sauti na kuwaambia washikane mikono, na Zahoro alisimama kando ya barabara akiwasikiliza mpaka wa kumi na nne.